Betri Nilizozifungisha Saumu

Nianze kwa kujisifu, maana nikichelewa nitasahau. Katika Maskati nzima sijakutana na mtu aliyeua betri nyingi kuliko mimi kwa mikono yake mwenyewe, na bado akaja kuheshimiwa kwa habari za betri. Wapo wenye shahada. Wapo waliosoma Ulaya wakarudi na miwani. Mimi nimesoma mpaka darasa la sita, na hilo la sita sikulimaliza, kwa kuwa ndio mwaka tuliohama Unguja, na nilipofika huku nikaonekana mkubwa kuliko madawati. Lakini leo lori langu likipanda milimani na betri za kuwekea umeme wa jua, watu wa huko huniita baashmuhandis, yaani mhandisi mkuu, na mimi huitika.

Kuitika ndiko kulikonitia matatani tangu ujana. Mtu akiniita jina kubwa, sina moyo wa kumkatalia.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nafanya kazi katika karakana ya ndege kule Seeb. Niliingia kwa fagio. Baada ya miezi, yule aliyekuwa chumba cha betri akaungua vidole akaacha kazi, na foromani akapita akitafuta mtu mwenye mikono isiyotetemeka. Akanikuta nimebeba trei ya chai ya watu saba na haijamwagika hata tone. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika fani ya anga, kwa trei ya chai.

Foromani mwenyewe alikuwa Mgoa aliyezaliwa Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alinifunza kazi yote kwa mdomo, kwa kuwa alijua karatasi na mimi hatupatani. Betri za ndege zetu nyingi zilikuwa za nikeli, ndani yake maji makali jamii ya magadi, na kila betri ina vyumba ishirini vidogo vilivyopangwa kama maandazi kwenye sinia. Betri ya namna hiyo ikitumika muda huzoea uvivu. Hutoa umeme kidogo, halafu hujifanya imechoka. Dawa yake ni kuitoa umeme wote, mpaka sufuri, kisha kila chumba unakibana kwa kibanio cha shaba na unaiacha hivyo mpaka kesho yake. Ukiijaza tena, inarudi na nguvu zake za ujana.

"Ifungishe saumu," foromani alikuwa akisema. "Betri iliyofunga ndiyo betri yenye adabu."

Mimi nilikuwa bingwa wa kufungisha. Hilo silisemi kwa kujisifu tu, marubani wenyewe walikuwa wakiniamkia. Palikuwa na chumba cha pili upande wa pili wa ua, cha betri za risasi na tindikali, lakini huko alikuwa na funguo mtu mwengine, na amri ilikuwa kali: mtu wa huku haendi kule, na bisibisi ya huku haiendi kule. Mimi nikaelewa kwamba wale wa kule ni watu wa daraja ya chini. Sikuuliza zaidi. Mtu anayeuliza huonekana hajui.

Tulikuwa tunakaa Ghubra. Ovaroli yangu ya kazini ilikuwa na picha ya mabawa mgongoni, na mama alikuwa akiianika upande wa barabarani, mgongo ukitazama njia. Uani kulikuwa na kamba ndefu na jua la kutosha, lakini uani hapiti mtu. Basi mtaa mzima ukajua kwamba mtoto wa fulani anatengeneza ndege. Wanawake wakimuuliza, mama alikuwa akisema, "Ndio, mhandisi, lakini mwenyewe hapendi kutajwa." Mwenyewe nilikuwa napenda sana.

Ndipo ikaja habari ya posa. Dada yangu alikuwa na rafiki yake anayefanya kazi maabara ya hospitali, binti mtulivu, mwenye kusema maneno machache na yote yana mahali pake. Nikamwambia mama, mama akamwambia ami yangu, ami akavaa joho.

Baba wa yule binti watu wote walikuwa wakimwita Maalim. Alisomesha hesabu Unguja, akaja akasomesha hesabu huku, na alipostaafu alirudi kijiji cha babu zake, juu milimani nyuma ya Rustaq, kwenye mitende na mfereji wa maji na hakuna waya wa umeme. Siku ya posa aliteremka Ghubra kwa ajili yetu. Ami alinitambulisha kama anavyotambulishwa balozi.

"Kijana wetu ni mhandisi wa ndege."

Maalim akanitazama. "Mhandisi wa kitu gani hasa, katika ndege?"

"Umeme, Maalim."

"Ndege ikiwa juu inapata wapi umeme?"

"Kwenye injini."

"Na injini ikizima?"

"Betri."

"Betri inachukua muda gani?"

"Inategemea, Maalim."

"Inategemea nini?"

"Inategemea rubani ana haraka gani."

Ami alicheka peke yake, akanyamaza peke yake. Maalim alinimiminia kahawa, akasema kwa upole, "Sisi kabla ya kujibu posa huwa tunaulizia. Wengine huenda kumuulizia kijana msikitini, wengine kwa majirani. Mimi nna betri kumi na mbili shambani, na paneli za jua, zimekaa kwenye maboksi. Nitaziuliza hizo."

Nilirudi nyumbani najiona nimeshaoa. Mtu unayeaminiwa na ndege unashindwa na taa za shamba?

Nilipanda wiki iliyofuata na gari ya pikapu ya kuazima. Nikafunga paneli juu ya paa la nyumba, nikapanga zile betri kumi na mbili kwenye banda la mawe, kubwa, nzito, za plastiki nyeupe unayoweza kuona ndani kama kwenye tangi la kioo la samaki. Nikavuta waya. Magharibi ile Maalim akabonyeza swichi, na nyumba nzima ikawaka, na friji ikaanza kunguruma. Majirani walikuja kutazama. Mzee mmoja aliniombea dua ndefu. Wallahi nilitia machozi, nikajidai ni vumbi.

Hapo ningeteremka nikakaa kimya, ningekuwa nimeoa ndani ya miezi mitatu. Lakini mimi ni mtu wa karakana. Nilimwambia Maalim, "Nitakuja kila mwezi kuzifanyia huduma ya kindege." Akashukuru. Na kila mwezi, Alhamisi, nikapanda na taa kubwa ya gari ya kunyonyea umeme na vibanio vyangu vya shaba, nikazikausha zile betri mpaka sufuri, nikazibana moja moja, nikaziacha zifunge mpaka Ijumaa baada ya swala. Kisha nikaliachia jua lizijaze. Nilikuwa nikiifanya kazi ile kwa ibada. Nilipiga magoti.

Mwezi wa kwanza Maalim alisema taa zimezima saa nne usiku, badala ya kukesha. Nikasema ni mawingu. Mwezi wa pili zilizima baada ya Isha. Nikasema paneli zina vumbi, nikampa kitambaa. Mwezi wa tatu nikalaumu mbuzi, kwamba anajikuna kwenye waya. Maalim alimhamisha mbuzi. Kila mwezi nilizidisha bidii: kama betri inarudi uvivu upesi hivi, basi inahitaji saumu ndefu zaidi. Nikazifungisha siku mbili.

Ikaja Idd. Maalim alikuwa na udhaifu mmoja, samaki. Ameishi mlimani na moyo wake uko Unguja. Kwa Idd ile alimwagiza mwanawe changu na kolekole kutoka soko la Matrah, wakajazwa kwenye friji, na familia nzima ikapanda, pamoja na yule binti, na mimi nikaalikwa. Nilifika asubuhi nimevaa kanzu mpya. Kabla sijavua viatu nikasikia harufu, na nikajua bila ya kuambiwa ni ya nini. Friji ilikuwa imekufa tangu juzi yake. Tulikula Idd wali na maharage. Binti alipita na sahani, akasema kwa sauti ya chini, hakunitazama, "Huduma ya kindege, baashmuhandis." Nikaitika.

Baada ya chakula Maalim aliniita kwenye banda. Alikuwa na daftari la skuli mkononi. Tangu siku ya kwanza alikuwa akiandika: leo taa zimezima saa ngapi, leo kulikuwa na jua au mawingu. Mstari mmoja kwa siku, kwa ile hati ya mwalimu isiyopinda. Na kila nilipokuja mimi, ameweka alama ya nyota.

"Soma," akasema.

Nilitazama. Mimi kusoma herufi napata taabu, lakini namba nazijua. Kabla ya nyota namba zinakwenda sawa. Baada ya nyota zinaanguka. Zinakwenda sawa tena, chini zaidi. Nyota. Zinaanguka. Ilikuwa kama ngazi ya kuteremkia kisimani.

"Mawingu hayana nyota," akasema Maalim. "Mbuzi naye hana. Mwanangu, kila ukija kutibu, mgonjwa anazidi. Ungekuwa daktari wangu, ningeshasomewa hitma."

Nilisema nitachunguza. Niliteremka mlima ule na najua kitu kimoja tu, kwamba posa yangu imo mle ndani ya daftari, na inakwenda sufuri.

Jumamosi nilimfuata foromani. Nilimweleza kwa kuzunguka, kama habari ya rafiki yangu. Aliendelea kufuta mikono.

"Huyo rafiki yako, betri zake ni za nikeli?"

"Ni nyeupe. Kubwa."

"Unaona ndani?"

"Naona."

"Hizo ni risasi na tindikali, bwana. Huyo rafiki yako kazitoa umeme wote?"

"Mpaka sufuri."

"Akazibana?"

"Siku mbili."

Foromani alikaa chini. Nilidhani anacheka, lakini hakucheka. "Ya nikeli ukiishindisha na njaa inapona," akasema. "Ya risasi ukiiacha tupu, chumvi inaganda kwenye sahani zake ndani, na haitoki tena. Ile haijui saumu. Ile ni kama mtoto mchanga. Kwani wewe miaka yote hii hukujiuliza kwa nini tuna vyumba viwili?"

Hakusema tena "rafiki yako".

Basi nikawa na wiki moja ya kufikiri. Nitasema kweli, uongo mzuri nilikuwa nao tayari. Ningeweza kumwambia Maalim kwamba betri zilitoka kiwandani na kasoro. Nani angenipinga? Na nikisema kweli, sitakuwa nimesema habari ya betri peke yake. Atauliza, mhandisi gani asiyejua risasi na nikeli, na hapo itabidi ovaroli yote ivuliwe, mpaka fagio lionekane. Nilifanya mazoezi ya ule uongo mbele ya kioo. Ulikuwa mzuri sana. Kilichonishinda ni zile nyota. Nikasema, mtu aliyeandika mstari mmoja kila siku kwa miezi sita, huyu atauandika na uongo wangu, na atanisomea siku moja.

Ijumaa nikapanda. Nilimkuta Maalim juu ya paa, penye paneli zake, anazifuta kwa kile kitambaa nilichompa.

"Maalim, betri nimeziua mimi."

Aliendelea kufuta. "Kwa kitu gani?"

"Kwa ujinga." Nikamweleza yote. Nikeli, risasi, vibanio, chumba cha pili nisichowahi kuingia. Nikamwambia mimi si mhandisi, mimi ni mtu wa chumba cha betri, nimeishia darasa la sita na sikulimaliza, na nitazibadilisha zote kumi na mbili kwa jasho langu.

"Umejua lini?"

"Jumamosi."

"Leo Ijumaa. Siku sita zote ulikuwa unatafuta uongo?"

"Siku tano, Maalim. Ya sita nilikuwa natafuta gari."

Aliukunja uso, na mpaka leo sijui alikuwa anazuia nini. Kisha akasema, "Kugawanya unajua?"

"Kugawanya nini?"

"Nimeshapata jibu. Kalete ubao ule kule bandani."

Hakusema ndio wala hapana juu ya posa, na mimi sikuthubutu kuuliza. Akaniambia nije kila Alhamisi. Hivyo mtu mzima wa miaka thelathini, mwenye masharubu, nikawa napanda mlima kila wiki kwenda kujifunza kugawanya. Taa moja inakula kiasi gani kwa saa, friji inakula kiasi gani, betri ina akiba gani, na ya mtu kutumia ni nusu tu, nusu iliyobaki ni ya betri yenyewe. Nilikuwa nikikosea, ananiambia rudia. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza. Majirani walikuwa wakipita wakiniona na chaki. Yule mzee aliyeniombea dua aliniombea nyengine, fupi zaidi.

Katika hali hiyo hiyo Maalim akanituma bonde la pili, kwenye kituo cha afya, ambako betri za friji ya chanjo zilikuwa hazishiki umeme. Walishapita watu wawili wenye vyeti. Mimi niliinama nikatazama ndani, nikaona sahani zimeota weupe, na ile sura nilikuwa naijua. Ni maiti zangu mwenyewe. Nikamuuliza mlinzi, "Hizi nani anaziacha tupu?" Akasema kwa fahari kwamba yeye hufunika paneli kila mchana kwa blanketi, zisiungue na jua. Nilimkumbatia. Sikuwahi kukutana na ndugu yangu wa karibu namna ile. Mbili zilikuwa hazina dawa, nyengine nikaziponesha pole pole kwa chaji ndogo ndogo, na blanketi nikaondoka nalo.

Habari ikatembea kijiji kwa kijiji: kuna mtu Ghubra anajua betri zinakufaje. Mwenye shahada anajua zinaishije, na mimi najua zinakufaje, na wateja, nakwambieni, humtaka huyu wa pili. Nikaacha kazi ya ndege. Foromani aliniaga kwa kunishika mkono, akasema, "Ukiulizwa nani kakufunza, usinitaje." Mama alilia. "Umeshuka kwenye ndege," akasema, "umepanda punda." Na kweli kijiji cha kwanza nilichopewa kazi, betri zilipanda kwa punda.

Maalim aliendelea na Alhamisi zake mwaka na kitu. Siku moja nikamfanyia hesabu ya msikiti mzima, taa na feni na pampu ya maji, kwa siku tatu za mawingu, bila ya kufuta hata namba moja. Akaitazama muda mrefu, akaiweka chini. "Mwambie ami yako aje," akasema. Nikateremka ule mlima naimba, na gari halikuwa na breki nzuri.

Tukaoana, na kwa miaka mingi kisa hiki nimekisimulia kila baraza la Maskati lililonipa kahawa, na mara nyengine bila ya kahawa. Mafunzo yake nilikuwa nikiyasema mwenyewe: kwamba mzee alinipa binti yake kwa sababu ya ukweli wangu, na kwamba baada ya ukweli alitaka kunipima subira. Nilikuwa nikifika hapo naweka mkono kifuani.

Miaka ya elfu mbili ilipoingia, na minara ya simu ikaanza kusimamishwa jangwani mahali ambapo hata ngamia anauliza njia, kazi ya kuweka akiba ya jua ikawa na heshima. Wakaanza kuja vijana wahandisi wa kweli, wenye shahada, kunishauri na kunipinga. Alasiri moja nilikuwa nao watatu nyumbani Ghubra, nawasimulia. Nilipofika kwenye mkono kifuani, mke wangu alikuwa anaingia na birika la kahawa.

"Baba alikubali siku ile ile," akasema.

"Siku ipi?"

"Siku uliyosema umeziua wewe. Kesho yake aliteremka akaniambia, huyu muongo, lakini uongo wake haudumu, unaweza kuishi naye."

Vijana wakanitazama. Nikamwambia, "Basi ule mwaka na kitu ulikuwa wa nini?"

"Miezi kumi na minne. Nilimwambia mimi bado."

"Wewe?"

"Dada yako alikuwa ananiletea habari. Umefika kugawanya kwa tarakimu mbili, umefika kwenye sehemu. Nikasema nikimkubali sasa, huyu ataacha." Akammiminia kahawa kijana wa mwanzo. "Wewe kitu ukishakipata, bwana, huachi kukisema, lakini unaacha kukifanya. Na mimi nilikuwa nataka mume anayejua friji itazima saa ngapi."

"Na nisingejua kugawanya mpaka leo?"

"Ningekuwa nimeolewa Sur. Walikuwepo watu wa Sur waliokwisha kuposa."

Wale vijana walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa kwenye kanzu yake nyeupe. Mimi nikawaacha wamalize. Kisha nikawauliza, kwa utaratibu, kati yao wote watatu, na shahada zao na miwani yao, nani mwanamke wa namna hii alishawahi kumngojea miezi kumi na minne.